Nilimshutumu mwandishi wa Ganze kwa kutumia AI, akaja Kilifi na madaftari yake

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Humu ndani mimi ni msomaji wa siku nyingi na mchangiaji wa nadra. Leo naweka jambo lililonipata kazini. Chumvi sijaongeza. Majina ya watu nimebadilisha, mengine yote yalikuwa hivi hivi.

Kwanza mnijue kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini lilinigusa.

Mimi ni mhariri wa hadithi. Riwaya, hadithi fupi, vitabu vya vijana. Nafanyia kazi nyumbani, Malindi, na mchapishaji wangu yuko Nairobi. Ananitumia miswada, nasoma, naandika ripoti: huu tuchukue, huu tuukatae, huu una kitu ila unahitaji mkono. Ukikubaliwa nakaa na mwandishi miezi kadhaa tukiunyoosha.

Nimezaliwa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi. Baba alitoka bara kuja kufanya kazi hotelini, mama akamfuata. Nyumbani tulisema Kijaluo. Shuleni nilikaa na watoto wa mjini ambao Kiswahili walikinyonya na maziwa ya mama, na kila nilipofungua mdomo walicheka. Nikisema "hiyo mtoto", darasa zima linarudia.

Nikajifunza. Nilijifunza sarufi kwa hasira.

Kufika kidato cha nne hakuna aliyenicheka tena, na mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha wenzangu bila kuombwa. Ukiniuliza kazi yangu ilianzia wapi, ilianzia hapo.

Haya, tuje kwenye AI.

Zamani (nasema zamani, ni miaka michache tu) miswada ilikuja na uchafu wake. Koma zimemwagika kama mchele. Mhusika anaitwa Rehema ukurasa wa kumi, ukifika wa hamsini amekuwa Rukia. Ilichosha, lakini ulimjua mtu. Kabla hujamaliza sura ya kwanza ulishajua huyu mwandishi anapenda chakula, huyu anamwogopa mamake, huyu hajawahi kufua nguo maisha yake yote.

Sasa inakuja safi, na yote inafanana.

Kuna wiki nilipata mitatu, ya watu watatu wasiojuana. Yote ilianza na upepo mwanana. Yote iliisha mhusika akitazama jua likichomoza, moyo umejaa matumaini. Katikati mmejaa sentensi za "haikuwa tu safari, bali..." Nikafika mahali nikiliona neno "bali" kichwa kinaniuma.

Kazi yenyewe ikageuka. Badala ya kutafuta hadithi nzuri nikawa natafuta wezi.

Msimamizi wangu Nairobi, tumwite Wambua, akatutumia programu ya kukagua. Unaweka maandishi, inapaka nyekundu pale inaposhuku mashine. Haiaminiki sana, maana ilishawahi kumpaka nyekundu mzee mmoja ambaye anaandika vile vile tangu enzi za taipureta. Lakini mchapishaji akaweka sheria juu yake: mwandishi akibainika ametumia AI, mswada unakataliwa na jina lake linaingia kwenye orodha ya wasiopokelewa tena.

Ndipo ukaja mswada wa Kadzo.

Kadzo ni mwalimu wa chekechea huko Ganze. Riwaya yake ilihusu dada wawili wakati wa kiangazi kirefu. Mdogo anaolewa Junju, kwenye mashamba na mvua. Mkubwa, jina lake Mbeyu, anabaki Ganze kumuuguza mama na kutembea saa nzima kutafuta mtungi mmoja wa maji. Miaka inapita, mdogo haji. Anakuja siku ya mazishi ya mama.

Mnaona wenyewe kisa kina uzito.

Lakini lugha ilikuwa maji ya kuchemsha, haina ladha. "Ukame ulikuwa changamoto kubwa kwa jamii." "Haikuwa tu kiu ya maji, bali kiu ya matumaini." Na mwisho dada wawili wanakumbatiana kaburini, wanalia, jua linachomoza.

Nikaweka kwenye programu. Nyekundu tupu.

Nikamwandikia barua pepe siku hiyo hiyo. Nilimwambia mswada wake una dalili za wazi za kuandikwa na mashine, na kwamba ana wiki mbili za kujieleza kabla jina lake halijapelekwa mbele. Niliandika kwa adabu. Nilipoituma nilijisikia vizuri, wakuu, nisiwafiche. Nilijiona nimelinda kitu.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Hujambo mhariri? Mimi ni Kadzo wa Ganze."

Nikajiandaa kwa matusi. Hayakuja. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mzazi wa mwanafunzi.

"Barua nimeipata," akasema. "Kitabu ni changu. Lakini hayo maneno si yangu, hapo umesema kweli."

"Sijakuelewa, mwalimu."

"Hutanielewa kwa simu. Alhamisi nina mkutano wa walimu Kilifi. Waweza kufika?"

Ningeweza kukataa. Utaratibu wetu ni barua tu, hatukutani na mtu aliye chini ya uchunguzi. Sijui kwa nini nilikubali. Nadhani ni ile "waweza", aliisema bila kuomba.

Tulikutana kwenye hoteli moja ndogo karibu na soko la Kilifi, saa nne asubuhi, watu wa chai wamepungua. Nilimkuta amekwisha kukaa. Mama wa miaka hamsini na kitu, leso imefungwa vizuri, mfuko wa plastiki mapajani ameushika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama. "Kumbe u mdogo hivi. Barua zako zina umri mkubwa."

Barua zako. Mimi nilijua nimemwandikia moja.

Tukaagiza chai na mahamri. Akafungua mfuko, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaninyooshea. Ilikuwa barua ya kukataa mswada, ya miaka mitano nyuma. Chini yake jina langu na sahihi yangu.

Nanukuu, maana nimeikariri sasa: "Kisa kina nguvu, lakini Kiswahili cha mwandishi kimechafuliwa mno na lugha ya nyumbani. Mwandishi anashauriwa akisafishe kabla ya kufikiria kuwasilisha tena."

Sikuukumbuka mswada huo, wakuu. Sikukumbuka hata neno moja lake. Mtu ametunza karatasi yangu miaka mitano, na mimi sikumbuki kama niliiandika.

"Ulisema kimechafuka," Kadzo akasema. "Nikakaa nacho, nikajaribu, sikujua uchafu uko wapi. Ndicho Kiswahili ninachosema. Halafu mwaka jana mwalimu mwenzangu akanionyesha hiyo AI kwenye simu yake. Nikaiambia, safisha Kiswahili hiki. Sura moja, nyingine, nyingine. Ikaosha yote. Sasa waniandikia kwamba kimekuwa safi mno. Mimi nifuate barua ipi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Chai yangu ilikuwa imeshika utando juu. Niliukoroga muda mrefu.

Akaniokoa mwenyewe. Akatoa madaftari manne, yale ya shule ya kurasa mia mbili, akayaweka kati yetu.

"Soma. Mkutano wangu ni saa sita."

Nikafungua la kwanza. Mwandiko wa mwalimu wa chekechea, herufi za duara, kila moja imesimama peke yake. Mstari wa kwanza:

"Mvua ilikuja hadi Jaribuni, ikapiga hodi, haikusikia mtu, ikarudi kwao."

Mashine ilikuwa imeandika: "Mvua ilikuwa haba katika eneo hilo, jambo lililowaletea wakazi matatizo mengi."

Nikaendelea. Kulikuwa na makosa, ndiyo. Ngeli zimegongana, maneno ya Kigiriama yameingia bila kubisha. Lakini Mbeyu alikuwa mtu. Alikuwa akihesabu matone yanayoanguka kutoka kwenye mtungi wa jirani. Alikuwa akimfulia mama yake nguo kwa maji aliyonawia uso. Alikuwa na roho mbaya kidogo, na ucheshi.

Nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua. "Mwalimu, ule mwisho wa kukumbatiana kaburini, kwa nini uliuchagua?"

"Kukumbatiana nani?"

"Mbeyu na mdogo wake."

Akaweka hamri chini. "Nisomee."

Nikafungua simu, nikamsomea ukurasa wa mwisho wa mswada alioutuma yeye mwenyewe. Alisikiliza hadi jua likachomoza.

"Mbeyu hawezi kumkumbatia," akasema. "Mimi namjua. Mdogo wake anafika, vumbi mwili mzima, Mbeyu anachota maji kwa kata, anampa anywe. Basi. Anageuka kuendelea na vyombo vya matanga. Hamwambii neno."

"Hukuyasoma yaliyorudi?"

"Nilisoma mwanzo. Nikaona haya kuendelea. Ilikuwa kama kusoma barua ya mtu mwingine."

Nataka mnielewe hapa, wakuu. Huyu mama hakuiba kitu. Aliibiwa mwisho wa hadithi yake, na aliyempeleka kwa mwizi ni mimi.

Niliyachukua madaftari. Aliyatoa bila wasiwasi, mimi ndiye niliyekuwa nayakumbatia kama mtoto mchanga. Nilipofika nyumbani nikagundua pengo. Yalikuwa la kwanza, la pili, la tatu na la tano. Nikampigia.

"La nne lililiwa na mchwa, pamoja na ule mswada wa kwanza mlionirudishia," akasema. "Na ile simu ya mwenzangu iliharibika, kwa hiyo huko nako hakuna."

Yaani sehemu ile yote, mama anavyougua mpaka anakufa, ilikuwa imebaki kwa maneno ya mashine tu.

Sasa nilikuwa na kazi mbili, na ile ngumu niliiogopa.

Ngumu ilikuwa ripoti kwa Wambua. Njia rahisi ilikuwepo: niandike kwamba mwandishi amekiri, basi, nifunge faili. Au niseme programu ilikosea. Kusema kweli kulimaanisha kueleza kwamba nilikutana na mwandishi kinyume cha utaratibu, na kwamba mzizi wa jambo ni barua yangu. Na Wambua alikwisha kutudokeza kwamba wakubwa wanajiuliza kama bado wanahitaji wasomaji wa nje kama mimi, kwa vile kuna mashine za kusoma.

Nilizunguka na jambo hilo siku mbili. Nilipika, nikafua, nikapanga kabati ambalo halikuhitaji kupangwa. Siku ya tatu niliandika yote, nikaambatisha picha ya barua ile ya zamani, nikatuma.

Wambua alipiga baada ya chakula cha mchana.

"Akinyi, hii barua ungeweza kunificha."

"Najua."

"Mimi nisingejua kamwe."

"Najua, Wambua."

Akavuta pumzi. "Sawa. Mswada ulioletwa umekataliwa, sheria ni sheria. Jina lake sitalipeleka popote. Akileta kilicho chake, kitasomwa kama kipya. Lakini hutakisoma wewe, na hutakihariri. Wewe si mwamuzi tena hapo."

Ilikuwa haki. Iliniuma, maana nilikwisha kukipenda kile kitabu, lakini ilikuwa haki. Kuhusu kazi yangu hakusema lolote, nami sikuuliza.

Kazi ya pili ikawa ndiyo raha yangu ya miezi mitatu iliyofuata. Nilimwambia Kadzo sitakuwa mhariri wake, nitakuwa mwandikaji tu. Yeye asimulie daftari la nne kwa mdomo, mimi nichape, pamoja na yale manne niliyonayo.

Alikuwa akinitumia voice note. Mtandao kwake unashika vizuri pale kwenye foleni ya maji, kwa hiyo alisimulia akiwa amepanga mitungi. Nasikia maji yakigonga plastiki, wanawake wakibishana nani amefika kwanza, halafu sauti ya Kadzo inashika pale ilipoachia: "Sasa mama akakataa kula..." Mara moja nilisikia mwanamke mwingine akimuuliza, "Akakataa kwa nini?" Kadzo akamjibu, na jibu lile sikulipata kwenye daftari lolote. Nikalichapa.

Tulibishana pia, msidhani nilibadilika kama malaika.

Aliposema "mama alikufa na kiu", mkono wangu ulichapa "alikufa kwa kiu" wenyewe. Nikamsomea. Akanikatiza.

"Nilisema na kiu."

"Mwalimu, sahihi ni kwa. Kiu ndiyo sababu."

"Sababu ni ugonjwa. Kiu alikuwa nayo miaka yote, alilala nayo, aliamka nayo. Alikufa nayo. Alikufa na kiu, kiu nayo ikafa."

Kisha nikafuta "kwa".

Wakuu, mimi nimesahihisha watu tangu kidato cha nne. Sikumbuki kabla ya hapo kama niliwahi kumuuliza mtu alichokusudia.

Mswada ulikwenda Nairobi ukiwa na sura zote, umechapwa kama ulivyosemwa, pamoja na barua fupi ya Kadzo akieleza yaliyotokea tangu mwanzo. Barua ile aliiandika mwenyewe na hakunionyesha.

Ulikaa huko muda. Mchana mmoja akanipigia.

"Wameukubali," akasema.

"Alhamdulillahi." (Mimi ni Mkristo, lakini nimekulia Malindi.)

"Mhariri niliyepewa ni mwanamume, kijana wa huko huko Nairobi. Ana maswali mengi. Lakini anauliza, haamrishi. Haya, niache, watoto wameamka usingizi."

Akakata. Mwalimu hana maneno ya ziada.

Wambua bado ananitumia miswada. Programu ya rangi nyekundu naiweka ya mwisho siku hizi. Nikishuku, napiga simu, namwomba mwandishi anisimulie sura ya tatu kwa mdomo wake. Aliyeiandika atakusimulia na kuongeza mambo ambayo hayamo. Bwana mmoja aliniambia ana mgeni mlangoni, atanipigia. Hajapiga mpaka leo. Lakini wawili walinisimulia vizuri kuliko walivyoandika, na wote wawili walikuwa wameitumia AI kwa sababu ile ile: waliona aibu na Kiswahili chao.

Hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue faili langu la zamani.

Nilitaka kujua niliwaandikia nini watu wengine. Nikapekua barua za miaka yote niliyoifanya kazi hii. "Kimechafuliwa mno na lugha ya nyumbani" ilikuwemo kwa Kadzo. Ikawemo kwa mwingine wa Bamba. Kwa mwingine wa Taita. Kwa wa Kitui. Aya ile ile, neno kwa neno, hadi "kabla ya kufikiria kuwasilisha tena". Nilikuwa naibandika tu. Wakati huo AI hata sikuijua.

Nilianza kuwatafuta. Wengine simu hazipatikani. Wawili wamejibu kwamba watanitumia kazi zao tena. Mama mmoja wa Junju alinijibu kwa heshima sana. Alisema anashukuru nimemkumbuka, barua ile aliipata, aliisoma mara moja tu, na tangu siku hiyo hajaandika tena. Sasa ana shamba la minazi na wajukuu. Akaniombea baraka.

Nimemjibu kwamba akitaka kunisimulia, nitakuja na kalamu mpaka mlangoni. Bado hajasema ndiyo wala hapana.

Funzo langu mimi ni hili. Mashine inaosha maneno ya mtu kwa sababu mtu ameambiwa yamechafuka, na kabla hujailaumu, angalia ni nani aliyemwambia. Kwangu nilikuwa mimi. Makosa ya sarufi yanasahihishika kwa mchana mmoja. Mtu akishaionea haya sauti yake, sijui hilo linasahihishwa kwa muda gani, bado natafuta.

Walimu, waandishi, wahariri mlio humu, nisaidieni mawazo. Mnamwambiaje mtu kwamba kazi yake haijafika bila kumfunga mdomo?

Na kama uliwahi kupata barua yenye aya ile, imetoka Malindi, niandikie hapa chini au inbox. Sitajitetea. Niambie tu hadithi yako ilihusu nini.